Idi Kubwa ni Pasaka: kuielewa Malta kwa lugha na mkate wake

Mkatoliki wa Malta akitaja Pasaka husema "l-Għid il-Kbir", yaani Idi Kubwa. Krismasi ni "il-Milied", ndugu wa Maulidi. Kwaresima ni "ir-Randan", na hapo sikio lako halikudanganyi: ni Ramadhani. Kanisa ni "knisja", kasisi ni "qassis", na Mungu anayeombwa humo ni "Alla". Haya si maneno ya kikundi cha Waislamu waliobaki pembezoni. Ni lugha ya kila siku ya nchi ambayo katiba yake, ibara ya 2, inautaja Ukatoliki kuwa dini ya nchi.

Jambo hili huwachanganya wengi, na majibu mawili ya haraka huzunguka. La kwanza linasema Wamalta ni Waarabu waliobatizwa, basi. La pili, ambalo Wamalta wenyewe walilipenda kwa muda mrefu, linasema lugha yao haina deni kwa Waarabu, kwamba ni masalia ya Wafoinike, mabaharia wa kale wa pwani ya Lebanon ya leo, waliofika pale kabla ya Kristo. Majibu yote mawili yanakwama ukiichunguza lugha yenyewe, kisha ukaangalia kilicho mezani. Msomaji wa Kiswahili yuko karibu na jambo hili kuliko anavyodhani, kwa sababu nusu ya ufunguo anayo mdomoni.

Tuanze na mahali. Malta ni visiwa vya Bahari ya Mediterania: Malta yenyewe, Għawdex ambayo wengi huiita Gozo, na Kemmuna, kisiwa kidogo chenye jina la bizari nyembamba, "kemmun". Vyote pamoja ni kilomita za mraba 316 hivi. Unguja peke yake ni kubwa zaidi ya mara nne. Sicily, kisiwa cha Italia, iko kaskazini, mwendo wa kilomita 90 hivi, na pwani ya Afrika iko mbali zaidi upande wa kusini. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanakijua kisiwa hiki kwa jina la Melita, pale Paulo alipovunjikiwa na jahazi katika Matendo ya Mitume, sura ya 27 na 28. Hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Miti ni michache, udongo ni mwembamba juu ya mwamba wa chokaa. Shika hayo mawili, uhaba wa kuni na uhaba wa ngano, maana ndiyo yaliyoamua watu wapike nini.

Sasa lugha. Kimalta huandikwa kwa herufi za Kilatini zenye nyongeza chache. X husomwa "sh", ġ ni "j", j ni "y", ż ni "z", ħ ni h inayotoka kooni, na għ mara nyingi haisikiki yenyewe bali huirefusha vokali iliyo jirani. Ukishajua hilo, hesabu kwa sauti: għoxrin, tletin, erbgħin, ħamsin, sittin, sebgħin, tmenin, disgħin, mija, elf. Ni ishirini hadi elfu, bila mkalimani. Ongeza "dinja" kwa dunia, "ktieb" kwa kitabu, "siegħa" kwa saa, "ruħ" kwa roho, "mewt" kwa mauti, "xitan" kwa shetani. "Il-Ġimgħa" ni Ijumaa, na "ġimgħa" hiyohiyo ni juma zima la siku saba, kama nasi tulivyochota juma na Ijumaa kwenye kisima kimoja.

Lakini kufanana huku kuna mtego. Katika Kiswahili, maneno ya Kiarabu ni wageni waliokaribishwa kwenye nyumba ya Kibantu. Tulilipokea neno "kitab", tukaliona lina "ki" mbele, tukalitia kwenye ngeli yetu: kitabu, vitabu. Kimalta kimefanya kinyume. Mifupa yake ndiyo ya Kiarabu, na wageni ni Kisicilia, Kiitaliano na Kiingereza. Chukua uma wa kulia chakula: waliukopa kutoka Kiitaliano, wakauita "furketta". Wingi wake haufuati Kiitaliano. Ni "frieket", neno limevunjwa ndani, konsonanti zikabaki na vokali zikabadilika, kama Kiarabu kinavyofanya wingi wake. Lugha inayoweza kulivunja neno la kigeni hivyo ni lugha yenye uti wa mgongo wake yenyewe. Katika kamusi kubwa ya Kimalta ya Joseph Aquilina, maneno yenye asili ya Kisicilia na Kiitaliano yanazidi nusu, ya Kiarabu ni kama theluthi moja, ya Kiingereza ni kama asilimia 6. Anayehesabu maneno tu atasema hii ni lugha ya Kilatini. Anayeangalia jinsi sentensi inavyofungwa ataona sivyo.

Na hoja ya Wafoinike? Walikuwepo kweli, wakafuatiwa na Wakarthage hadi Warumi walipokitwaa kisiwa mwaka 218 kabla ya Kristo. Wasomi kama Agius de Soldanis na Mikiel Anton Vassalli, katika karne ya 18, waliamini lugha yao imetoka huko. Ushahidi unaowakanusha ni herufi moja. Mmalta akisema "ninaandika" husema "nikteb"; "tunaandika" ni "niktbu". Mwarabu wa Oman au Hijazi angesema "aktub" kwa nafsi ya kwanza umoja. Hiyo "n" ya umoja ni alama ya Kiarabu cha Tunisia, Aljeria na Moroko. (Kufanana kwake na "ni-" yetu ni sadfa tupu.) Kwa hiyo Kimalta ni tawi la Kiarabu cha Maghrebi lililopitia Sicily, wakati Kiarabu kilichoingia katika Kiswahili kilikuja hasa kwa njia ya Oman, Hadhramaut na Ghuba. Ni maji ya chemchemi moja yaliyopita mifereji miwili.

Historia inakubaliana na herufi hiyo. Waaghlabi kutoka Tunisia ya leo waliiteka Malta mwaka 870. Mwanajiografia al-Himyari anaeleza kuwa baada ya hapo kisiwa kilibaki kitupu hadi Waislamu walipokijenga upya miaka ya 1048 na 1049. Wanormani wa Sicily walifika 1091, wakaudhibiti utawala kikamilifu kuanzia 1127, lakini hawakuwafukuza wakazi. Uislamu uliendelea kwa zaidi ya karne moja chini ya wafalme Wakristo, mpaka nusu ya kwanza ya karne ya 13, wakati wa Frederick wa Pili, Waislamu walipohamishwa kwa nguvu. Waliobaki walikuwa Wakristo, au walifanywa kuwa Wakristo, na waliendelea kuzungumza walichozungumza jana yake. Hapa ndipo fundo linapofunguka. Dini mpya ilihitaji majina, na majina yaliyokuwepo yalikuwa ya Kiarabu. Mfungo mkubwa ulikuwa Randan, basi Kwaresima ikarithi jina. Kwa kuwa hawakusoma tena Qurani wala kuandika Kiarabu, hapakuwa na Kiarabu sanifu cha kuwarekebisha, na lugha ikakua peke yake. Andiko la kale kuliko yote linalojulikana, shairi la Pietru Caxaro liitwalo Il-Kantilena, ni la karne ya 15 na limeandikwa kwa herufi za Kilatini. Kimalta kilikuja kuwa lugha rasmi mwaka 1934 tu, na mwaka 2004 kikawa lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya.

Ukiketi mezani utaiona historia hiyohiyo kwa tabaka. Vitu vya msingi vina majina ya Kiarabu: "ħobż" mkate, "ilma" maji, "melħ" chumvi, "żejt" mafuta, "laħam" nyama, "għasel" asali. "Tewm" ni kitunguu saumu, na saumu yetu imetoka hapohapo. "Bżar" ni pilipili manga, dada wa bizari. "Ħmira" ni hamira, sawasawa kabisa. Vitu vilivyokuja baadaye vina majina ya Kilatini: "patata", "kunserva" ambayo ni nyanya iliyochemshwa mpaka ikawa nzito, "zalzett" ambayo ni soseji. Sukari ni "zokkor", si "sukkar", ishara kwamba neno lile la Kiarabu lilizungukia Sicily kabla ya kuwafikia. Waingereza, waliotawala kuanzia 1800 hadi uhuru wa tarehe 21 Septemba 1964, waliacha desturi ya chai ya maziwa, ambayo huko vijijini hunywewa kwenye glasi. Vitafunio vya "imqaret", vipande vya msharazi vilivyojazwa tende na kukaangwa kwenye mafuta mengi, ni ndugu wa "maqrud" wa Tunisia. "Kusksu" ya Malta inaweza kukupotosha: si kuskusi ya mvuke, ni supu ya maharage mabichi ya "ful" yenye punje za pasta, jibini changa ya kondoo au mbuzi na yai lililopasuliwa juu.

Sungura anastahili neno moja. Kitoweo cha taifa ni "stuffat tal-fenek", sungura aliyechemshwa polepole kwa mvinyo mwekundu, vitunguu saumu na kunserva. Watu husema kumla ni ukumbusho wa ukaidi dhidi ya watawala, na kuna msingi: watawa wapiganaji wa Shirika la Mtakatifu Yohane, waliokikalia kisiwa tangu 1530 hadi Napoleon alipowatoa mwaka 1798, waliweka masharti ya uwindaji, na marufuku ya kuwinda ilikuwa kati ya kero zilizotangulia uasi wa mapadre wa Septemba 1775. Kero nyingine wakati huo ilikuwa bei ya nafaka. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo nzito zaidi, kwani Malta, tangu hapo hadi karne ya 20, ilitikisika kila mkate ulipotikisika.

Kisiwa hakikuweza kujilisha. Ngano ilitoka Sicily, na bandari ikifungwa, njaa ilihesabiwa kwa wiki. Nenda Floriana, nje kidogo ya kuta za Valletta, mbele ya kanisa la Mtakatifu Publius. Uwanja mpana umejaa vifuniko vya mawe vya duara vilivyoinuka kidogo kutoka ardhini. Wanauita "il-Fosos". Chini ya kila kifuniko kuna shimo lililochongwa kwenye mwamba kwa umbo la mtungi, shingo nyembamba na tumbo pana, la kuhifadhia ngano. Mdomo uliposhindiliwa barabara, nafaka iliyomo iliitumia hewa ikaisha, na wadudu wakafa kwa kukosa pumzi. Ni kanuni ileile ya mifuko isiyopitisha hewa ambayo wakulima wa Tanzania na Kenya hutumia leo dhidi ya dumuzi. Siku hizi uwanja huo hutumika kwa mikutano mikubwa, na mapapa wameadhimisha misa juu ya maghala hayo.

Tarehe 7 Juni 1919, bei ya mkate ikiwa imepaa baada ya Vita Kuu, umati wa watu Valletta ulivamia mali za watu walioaminiwa kufaidika na unga. Askari wa Kiingereza walifyatua risasi, na katika ghasia hizo wakafa watu 4. Miaka miwili baadaye Malta ilipata katiba ya kujiendeshea mambo ya ndani. Siku hiyo ni sikukuu ya taifa, nayo bado inaitwa kwa Kiitaliano, "Sette Giugno", kwa sababu Kiitaliano ndicho kilikuwa lugha ya magazeti na mahakama wakati huo. Mwaka 1942, katika Vita vya Pili vya Dunia, kisiwa kilizingirwa kwa mabomu na nyambizi. Kati ya meli 14 za mizigo za msafara wa Agosti uliotumwa kukiokoa, zilifika 5, ya mwisho ikiwa meli ya mafuta Ohio, iliyokokotwa bandarini tarehe 15, siku ya Kupalizwa Bikira Maria. Hadi leo wanauita msafara wa Santa Marija.

Ndiyo maana mkate huko haushikwi kwa mzaha. Mji wa Qormi ulijulikana zamani kama Casal Fornaro, kijiji cha waokaji. Kwa sababu kuni zilikuwa adimu, tanuri la mwokaji, "il-forn", lilitumikia kijiji kizima: Jumapili familia zilipeleka trei zao za viazi na nyama zichomwe kwenye joto lililobaki.

Mikate ni miwili. "Ħobż tal-Malti" ni wa duara, ganda gumu, ndani una matundu makubwa. "Ftira" ni bapa wenye tundu katikati kama gurudumu, na mwaka 2020 UNESCO iliiandikisha kuwa urithi wa utamaduni. Jina lake lina mzizi mmoja na futari na Idi el Fitri, mzizi wa kupasua na kufungua. Katika Kiarabu "fatir" ni mkate usiotiwa chachu, lakini ftira ya Malta imechachushwa barabara. Jina limebaki, unga umebadilika. Tundu lina kazi yake: joto hufika katikati upesi, mkate unaiva kwa dakika chache, na kila kipande kinapata ganda.

Kinachotofautisha mkate huu na mkate wa kawaida ni "tinsila", kipande cha unga wa jana kinachotiwa kwenye unga wa leo. Kama huna, kianzishe usiku: unga wa ngano gramu 100, maji gramu 70, hamira ya kushika kwa ncha za vidole viwili tu. Funika. Kwenye ubaridi wa nyuzi 20 acha saa 12 hadi 16. Ukiwa Mombasa au Dar es Salaam kwenye joto la nyuzi 30, saa 6 hadi 8 zinatosha. Ukizidisha, unga hulegea kama uji na kunuka siki kali, na mkate hautainuka.

Kwa ftira tatu, pima unga wa mkate gramu 500, maji gramu 360, hamira ya chembe gramu 2, chumvi gramu 11 na tinsila yote. Unga uwe wa mkate kweli, wenye protini kama asilimia 12. Ukitumia unga wa chapati, punguza maji hadi 330, la sivyo hautashikika. Changanya vyote isipokuwa chumvi, acha nusu saa, kisha tia chumvi na kanda dakika 5. Unga utanata mikononi. Usiongeze unga mkavu! Hapa ndipo wengi huharibu: unga mkavu huzaa mkate ulioshikana kama wa sandwichi, bila matundu. Badala yake lowesha mikono, kisha kila baada ya nusu saa vuta ukingo mmoja wa unga uukunjie katikati, pande zote nne, mara tatu. Kukunja hivyo hujenga nguvu bila kukanda sana.

Acha uumuke hadi karibu maradufu, saa mbili na nusu au tatu kwenye nyuzi 24, saa moja na nusu kwenye joto la pwani. Kata gramu 150 uziweke kando. Gawa uliobaki madonge matatu ya karibu gramu 295, yapumzishe dakika 20. Bonyeza kila donge liwe bapa kwa vidole, si kwa kifimbo cha chapati, maana kifimbo hufukuza hewa uliyoingoja mchana kutwa. Fikisha upana wa sentimita 20. Toboa katikati, kisha panua tundu hadi sentimita 7. Likiwa dogo litajifunga tanurini na katikati itabaki mbichi. Ngoja dakika 30.

Oveni iwe nyuzi 250, na trei nzito au jiwe liwe limekaa ndani dakika 45 kabla. Weka chombo chenye maji ya moto chini, kwa mvuke wa dakika 8 za kwanza, kisha kitoe. Bila mvuke ganda hukauka kabla mkate haujatanuka, unapasuka ubavuni. Oka dakika 18 hadi 20, mpaka rangi iwe ya kahawia iliyokolea, sehemu nyingine ikielekea kuungua. Mkate wa rangi ya chai ya maziwa haujaiva, hata kama umevimba. Uache upoe juu ya waya dakika 45. Ukikatwa ukiwa moto, ndani hunata kama ugali usioiva.

Kuujaza ndiko kunakoitwa "ħobż biż-żejt", mkate kwa mafuta. Pasua ftira kwa ubavu. Chukua nyanya iliyoiva kabisa, isiyotoka kwenye friji, ikate katikati na uisugue ndani ya mkate mpaka pawe pekundu na mkononi libaki ganda tu. Majira nyanya zisipokuwa nzuri, hupaka kunserva. Mimina vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya zeituni kwa kila ftira, nyunyiza chumvi, kisha panga jodari wa kopo, vitunguu vyembamba, zeituni, majani ya nanaa na "kappar", vile vichipukizi vya maua vya kichaka kinachoota kwenye nyufa za kuta. Kappar walowekwe majini kwanza, kwani chumvi yao hushinda kila kitu. Gandamiza, ngoja dakika 10, mafuta yaingie.

Kuanzia nusu ya pili ya Agosti hadi Desemba, mbadala wa jodari ni "lampuki", samaki ambaye wavuvi wa pwani yetu humwita fulusi au felusi. Wamalta hufunga makuti ya mtende kwenye vyelezo, wakavitia nanga kwa jiwe la chokaa, na samaki hukusanyika kwenye kivuli hicho. Mitego hiyo huitwa "kannizzati". Mnofu hupakwa unga na kukaangwa, na mkate ndio unaolamba mchuzi.

Zile gramu 150 ulizoweka kando ndizo tinsila ya mkate ujao. Zitie kwenye bakuli lililopakwa mafuta, lenye nafasi ya kuumuka mara mbili, funika, weka kwenye friji. Zitakaa siku tatu. Zitoe saa moja kabla ya kuzitumia, na mara hii hamira ipunguze iwe gramu 1.